Simu Nzima, Mega Zipo, Filamu Inagoma: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kulipa Abonema

Swali linaloletwa mara nyingi na wasomaji wa Mulungwishi, Likasi na Fungurume ni moja, hata likija kwa maneno tofauti. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kimethodisti anauliza kwa nini nyimbo alizopakua kwenye simu ya zamani hazikumfuata kwenye simu mpya. Mama aliyenunua televisheni mjini Likasi anauliza kwa nini inafungua YouTube lakini programu nyingine anayoitaka haimo hata kwenye orodha. Kiongozi wa vijana kanisani anauliza kwa nini projekta inatoa sauti bila picha. Na wote wanamalizia vilevile: mega ninazo, pesa nimelipa, kosa liko wapi?

Mara nyingi simu haina kosa, na mtandao hauna kosa. Kampuni yenye huduma imeamua ifunguke kwenye vifaa fulani tu: vyake yenyewe, au vya wale iliopatana nao. Uamuzi huo ni wa biashara, na wewe uliye Mulungwishi huwezi kuubadilisha. Unachoweza ni kuujua mapema, pesa ikiwa bado mfukoni. Ndiyo maana ushauri wangu wote hapa unasimama juu ya sentensi moja: chagua huduma kwanza, kifaa baadaye. Watu wengi wananunua kifaa kwanza, na hasara inaanzia hapo.

Dekoda imekwisha kutufundisha

Jambo hili si geni kwetu. Chukua kadi ya dekoda ya Canal+ uitie kwenye dekoda ya DStv: haifanyi kitu. Antena ya juu ya bati hupokea mawimbi, televisheni ni ileile, umeme wa SNEL ni uleule, lakini kadi inaitambua dekoda yake na dekoda inaitambua kadi yake. Mwaka 2025 Canal+ ilimchukua MultiChoice, mwenye DStv. Hata hivyo usichukulie kwamba kadi moja sasa inafungua nyumba zote mbili; uliza kwanza kwa wakala anayeuza abonema.

Huduma za muziki na filamu za intaneti zimefungwa kwa njia hiyohiyo. Tofauti ni kwamba kadi haionekani. Imekaa ndani ya programu, ndani ya chipu ya simu na ndani ya akaunti yako.

Kwa nini wanafunga

Sitakaa sana hapa, lakini ukijua sababu utaweza kubashiri huduma ipi itakusumbua.

- Wanataka kuuza kifaa. Apple ilianzisha huduma yake ya filamu, Apple TV+, Novemba 2019. Aliyenunua kifaa kipya cha Apple alipewa mwaka mmoja bure. Mwenye simu ya Android hakupata programu yake mpaka Februari 2025, yaani zaidi ya miaka mitano. Huku Afrika tunayo Boomplay: ilianza Nigeria mwaka 2015 ikiwa ndani ya simu za Tecno, na ikawa sababu mojawapo ya kijana kuchagua Tecno. Baadaye ilifunguliwa kwa simu nyingine za Android na kwa iPhone.

- Wanataka sehemu ya malipo yako. Apple hutoza hadi asilimia 30 ya abonema inayolipwa ndani ya programu ya iPhone. Netflix iliacha kupokea wateja wapya kwa njia hiyo mwishoni mwa 2018. Spotify ilipeleka malalamiko kwa Umoja wa Ulaya mwaka 2019, na Machi 2024 Apple ilipigwa faini ya zaidi ya euro bilioni 1.8 kwa kuzizuia huduma za muziki zisiwaambie wateja kwamba nje ya programu kuna bei nafuu zaidi.

- Wakubwa wanagombana. Mwaka 2015 Amazon iliacha kuuza Chromecast ya Google na kifaa cha Apple TV dukani kwake. Google nayo ikaiondoa YouTube kwenye vifaa vya Amazon. Walipatana mwaka 2019. Katika miaka ile yote minne mteja ndiye aliyeumia, na hakuna aliyemrudishia pesa.

- Wenye filamu wanadai ulinzi. Studio hazitoi filamu yenye picha safi kwa kifaa kisichokuwa na kufuli linaloaminika. Kwenye Android kufuli hilo linaitwa Widevine na ni la Google. Kwenye iPhone linaitwa FairPlay na ni la Apple. Simu ya bei ndogo mara nyingi huwa na daraja la chini la Widevine, kwa hiyo inapewa picha ya daraja la chini.

Sasa angalia jambo moja. Apple hiyohiyo ilitoa huduma yake ya muziki Juni 2015, na kufikia Novemba mwaka uleule ilikuwa imeileta kwenye Android. Kwa nini muziki ungoje miezi mitano na filamu miaka mitano? Kwenye muziki ilimkuta Spotify yuko kila mahali, ikalazimika kumfuata. Nami ninachukulia hiyo kuwa kanuni: huduma yenye mshindani mkubwa hufunguka mapema, huduma iliyoundwa ili kupamba kifaa hufungwa kwa muda mrefu. Ukiona huduma inatolewa bure pamoja na simu, jua umeingia kwenye ile ya pili.

Soma dalili kwanza

Kabla ya kununua mega nyingine au kubadili simu, tazama kinachotokea hasa. Kila dalili ina maana yake.

Programu haionekani kabisa kwenye Play Store. Ama nchi yetu haijafikiwa, ama simu yako haikubaliki. Fungua tovuti ya huduma hiyo kwenye kivinjari. Tovuti ikikuambia haipo Kongo, tatizo ni nchi, na kubadili simu hakutasaidia. Spotify, kwa mfano, ilifika Kenya na Tanzania Februari 2021, sisi tukafikiwa Novemba mwaka huohuo. Katika miezi ile kuna watu waliobadilisha simu bure.

Inasema kifaa hakiendani. Ama Android yako ni ya zamani, ama simu haina kibali cha Google. Fungua Play Store, ingia «Paramètres», kisha «À propos», shuka mpaka mstari wa Play Protect. Kama mstari huo hausemi kwamba simu ni «certifié», usitarajie filamu za kulipia.

Sauti ipo, picha nyeusi. Hilo ni kufuli la filamu. Kifaa chako, waya wako au projekta yako imeshindwa kuthibitisha kwamba haiwezi kurekodi.

Picha ipo, lakini imefifia hata mtandao ukiwa mzuri. Daraja la Widevine ni la chini. Ndani ya programu ya Netflix kuna sehemu ya mipangilio inayoonyesha uwezo wa simu kucheza filamu. Ukikuta L1, simu inaweza kupata picha safi. Ukikuta L3, kulipia abonema ya picha ya juu ni kutupa pesa, kwa sababu simu hiyo haitaionyesha kamwe.

Inafunguka, lakini inakataa malipo. Huduma nyingi za nje zinataka kadi ya benki. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinakubalika kwa abonema ya Canal+, lakini usidhani kila kampuni ya ng'ambo inazipokea. Kwenye iPhone, kama programu haina mahali pa kulipia, usihangaike nayo: fungua tovuti kwenye kivinjari, lipa huko, kisha rudi uingie na akaunti yako.

Play Store yenyewe haimo. Kuna simu za Huawei zilizotoka baada ya Marekani kuibana kampuni hiyo mwaka 2019. Ni simu nzuri, kamera zake ni nzuri, lakini zinakuja bila Play Store na bila programu ya YouTube. Muuzaji mwaminifu atakuambia. Asipokuambia, washa simu utafute Play Store kwa macho yako.

Ukiwa dukani

Wengi huona aibu kumchelewesha muuzaji. Usione. Pesa ya televisheni ni ya miezi mingi ya kazi, na muuzaji amekaa pale kwa ajili yako. Fanya hivi:

1. Nenda na majina ya huduma mbili au tatu unazozitaka kweli, yameandikwa kwenye karatasi. Usiende na neno «intaneti» tu.
2. Omba kifaa kiwashwe. Kiunganishe na simu yako mwenyewe, kwa mega zako, dakika chache tu.
3. Tafuta kila huduma kwa jina. Picha ya Netflix iliyochapwa kwenye katoni si ushahidi. Ifungue.
4. Uliza televisheni inatumia mfumo gani. Samsung ina Tizen, LG ina webOS, nyingi za Hisense zina VIDAA, nyingine zina Google TV. Programu iliyo kwenye mmoja inaweza isiwepo kwenye mwingine. Kwa nyumba yenye simu za Android, Google TV yenye kibali ndiyo huwa na programu nyingi zaidi.
5. Hesabu matundu ya HDMI na USB. Huduma zitafungwa, programu zitazeeka, lakini tundu la HDMI litapokea kompyuta yoyote na dekoda yoyote.

La tano ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Televisheni ya kawaida yenye HDMI mbili na USB inayocheza filamu za fleshi itakuhudumia Mulungwishi kwa miaka mingi kuliko televisheni erevu ya jina usilolijua, ambayo kampuni yake itaacha kuiletea programu mpya baada ya muda mfupi. Hata majina makubwa hufanya hivyo: Desemba 2019 Netflix iliacha kufunguka kwenye baadhi ya televisheni za Samsung za mwaka 2010 na 2011. Machi 2025 watu wenye Chromecast ya kizazi cha pili walikuta imegoma ghafla, kwa sababu cheti cha usalama kilichowekwa ndani yake kilikuwa kimefikia mwisho wa muda. Google ilituma marekebisho siku chache baadaye. Kifaa kilikuwa cha mteja, ufunguo ulikuwa kwa kampuni.

iPhone kutoka kwa ndugu wa Ulaya

Hapa kuna makosa mengi, kwa hiyo nikae kidogo. Yaya yako aliyeko Ubelgiji anakutumia iPhone aliyoitumia. Kabla haijapanda ndege, mwombe afanye mambo matatu: atoe akaunti yake kwenye simu, azime huduma ya kuitafuta simu, kisha afute kila kitu. Asipofanya hivyo, simu itafika ikiwa imefungwa kwa jina lake, na fundi wa Likasi hataweza kuifungua kihalali.

Kisha fungua akaunti yako ya Apple, uchague nchi yetu. Duka la programu la Apple limefunguliwa Kongo tangu Aprili 2020, kwa hiyo hakuna haja ya kujifanya Mbelgiji. Ukibaki kwenye akaunti ya Ubelgiji utadaiwa kadi ya benki ya huko, na siku ukitaka kuhamisha nchi utaambiwa kwanza umalize abonema zote na salio lote.

La mwisho: abonema iliyolipwa kwa njia ya Apple inasimamiwa kwenye akaunti ya Apple. Ukiuza iPhone bila kuisimamisha, malipo yanaendelea kukatwa kila mwezi. Isimamishe kwanza, uza baadaye.

Kisanduku kinachofungua vyote

"Mama, hii inafungua vyote. Canal, Netflix, mipira yote, bila abonema."

Maneno hayo yanasemwa juu ya visanduku vidogo vyeusi vya Android vinavyochomekwa kwenye televisheni. Bei yake inavutia, na baba wa nyumba anayetaka kuona mechi ya Mazembe atasikiliza. Nakusihi usinunue kwa maneno.

Mwaka 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kuhusu vifaa vya aina hii, na mwezi wa saba Google ilifungua kesi dhidi ya watu wanaoendesha mtandao wa wizi uitwao BadBox 2.0. Google ilisema zaidi ya vifaa milioni 10 visivyo na kibali vilikuwa vimeambukizwa. Vingi kati yake vilitoka kiwandani vikiwa na ugonjwa tayari, kabla ya mteja kugusa chochote. Kisanduku kama hicho kinatumia intaneti yako kwa kazi za wezi, usiku na mchana. Kwa mtu anayenunua mega kwa kipimo, hasara ya kwanza ataiona kwenye salio.

Ukitaka kisanduku:

- Kiwe na kibali cha Google, au kiwe cha kampuni inayojulikana. Kiangalie kwa njia ileile ya Play Protect.
- Kisikudai uzime ulinzi ili kiweze kufanya kazi. Kikikudai hivyo, kirudishe.
- Usiingize humo barua pepe unayoitumia kwa M-Pesa, benki au chuo.
- Kikiahidi vituo vya kulipia bila malipo, fahamu kwamba siku yoyote vitazimwa, na hakuna utakayemdai.

Vifaa vya Amazon vya Fire TV ni salama zaidi, lakini navyo vinafungwa zaidi kila mwaka. Mfano mmoja uliotoka mwishoni mwa 2025 unatumia mfumo mpya wa Amazon yenyewe, na haukubali programu kutoka nje ya duka lake. Aliyezoea kupakia programu kwa fleshi atakwama.

Ulichopakua bado si chako

Kwetu umeme hukatika na mega ni ghali, kwa hiyo tunapenda kupakua. Ni akili nzuri. Saa moja ya muziki kwa kipimo cha kawaida cha kilobiti 96 kwa sekunde inakula kama megabaiti 43, ilhali saa moja ya filamu yenye picha safi inaweza kula gigabaiti mbili au tatu. Kupakua mara moja mahali penye mtandao wa bure na kusikiliza mara nyingi ni kuokoa pesa.

Lakini ulichopakua ndani ya programu ya huduma kimefungwa kwa programu hiyo, akaunti hiyo na simu hiyo. Hukioni kwenye mafaili, hukitumi kwa Bluetooth, hukihamishi kwa Xender. Zingatia haya:

- Spotify inataka simu iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, la sivyo nyimbo ulizopakua zinafungwa. Na kupakua nyimbo ni kwa anayelipa tu.
- Filamu za Netflix ulizopakua zina tarehe ya mwisho, na baadhi zinabakiwa na saa 48 tu ukishabonyeza kuanza. Usizianze kama huna nafasi ya kuzimaliza.
- Ukibadili simu, unaanza upya. Pakua orodha muhimu kwenye simu mpya kabla ya kuuza ya zamani.
- Abonema ikiisha, vyote vinafungwa siku hiyo, hata kama umevilipia mwaka mzima.

Kwa hiyo gawanya vitu vyako mafungu mawili. Vya kupita, kama tamthilia ya wiki hii, viache kwenye huduma. Vya kudumu, kama nyimbo za kwaya, mahubiri, masomo ya darasani na sauti za wazee, vitafute katika faili la kawaida la MP3 au MP4, uviweke kwenye fleshi mbili, moja ikae nyumbani kwa ndugu. Mdundo, huduma ya muziki iliyoanzia Kenya, imejengwa juu ya wazo hilo: nyimbo zinapakuliwa kwa kivinjari cha simu yoyote, hata ya bei ya chini.

Siku ya kuonyesha filamu ukumbini

Hili linawapata viongozi wa vijana. Viti vimepangwa, kitambaa cheupe kimetandazwa ukutani, jenereta inanguruma nje. iPhone imeunganishwa na projekta kwa kiunganishi cha bei nafuu. Picha ya ukurasa wa kwanza inaonekana vizuri, kila mtu anafurahi. Kiongozi anafungua filamu, sauti inatoka, ukuta unakuwa mweusi. Wanazima, wanawasha, wanabadili waya, watoto wanaanza kuondoka.

Kiunganishi kile cha nafuu hakiwezi kuthibitisha kufuli la filamu. Na simu nyingi za Tecno, Itel na Infinix za bei ya chini hazitoi picha kabisa kupitia tundu la chaji, hata ukinunua waya wa aina gani. Kurusha picha bila waya nako kuna kambi zake: iPhone inatumia AirPlay, Android nyingi zinatumia Miracast au njia ya Google, na kambi moja haizungumzi na nyingine. Netflix iliacha kukubali AirPlay tangu 2019.

Fuata utaratibu huu:

1. Tumia kompyuta yenye tundu la HDMI. Ndiyo njia yenye matatizo machache zaidi.
2. Jaribu filamu yenyewe, siku moja kabla, kwa projekta ileile na waya uleule. Kujaribu ukurasa wa kwanza tu hakutoshi.
3. Waya wa zamani wa VGA mara nyingi hukataliwa na filamu za kulipia. Ukiwa na projekta ya VGA peke yake, tafuta filamu iliyo katika faili.
4. Weka faili la akiba kwenye fleshi: filamu ya mafundisho ambayo mwenyewe ameruhusu igawiwe.
5. Soma masharti. Abonema ya Netflix ni ya matumizi ya nyumbani. Baadhi ya filamu zake za hali halisi zina ruhusa maalumu ya kuonyeshwa kwa mafundisho, na ruhusa hiyo imeandikwa kwenye tovuti yao. Kanisa linalofundisha uaminifu lisiitishe mkutano juu ya filamu ambayo halina ruhusa nayo.

Mnaonipinga

"Si nitumie VPN tu?" VPN inaficha nchi, haibadilishi kifaa. Haitaigeuza L3 kuwa L1, wala haitaleta Play Store kwenye Huawei. Zaidi ya hayo inaongeza matumizi ya mega, na huduma nyingi zinaikataza katika masharti yao. Akaunti ikifungwa, pesa ya mwezi imekwenda. Na VPN ya bure inapitisha mambo yako yote kwa mtu usiyemjua.

"Rafiki atanipa programu kwa Bluetooth." Kwa programu ya bure inayotoka kwa mwenyewe, na iliyopo kwenye tovuti yake, unaweza. Kwa programu ya kulipia «iliyofunguliwa», hapana. Simu hiyohiyo ndiyo yenye M-Pesa yako.

"Tutagawana nywila, familia nzima." Tangu 2023 Netflix imekuwa ikibana akaunti zinazotumika nje ya nyumba moja. Ukiwa Mulungwishi na mwenye akaunti yuko Lubumbashi, tarajia kuulizwa namba ya uthibitisho iliyotumwa kwake. Abonema ya familia, ambayo huduma kadhaa za muziki zinayo, ina masharti yake. Yasomeni pamoja kabla ya kuchanga.

"Nikilipa mwaka mzima bei inapungua." Kwa baadhi ya huduma ni kweli, inapungua. Lakini huduma inaweza kubadili masharti ya vifaa wakati wowote, na simu yako inaweza kuibiwa au kuharibika. Kwa anayeanza, lipa mwezi mmoja, jaribu kwenye vifaa vyako vyote, halafu amua.

"Basi vyote nihamishie kampuni moja, mambo yaishe." Ukiwa na uwezo wa kununua simu, kompyuta na televisheni za nembo moja, kweli vitaelewana vizuri. Lakini jiulize kuhusu siku ya kutoka. Anayehama kutoka Apple kwenda Android hawezi kuhama na kila kitu, na kadiri alivyokaa muda mrefu ndivyo anavyoacha mengi. Kwa nyumba yenye Tecno mbili, Itel ya bibi na iPhone moja ya zawadi, chagua huduma inayofunguka kwenye zote nne, hata kama si ile inayosifiwa zaidi.

Ombi kwa wanaotoa nyimbo

Nimeandika kwa wanaosikiliza, lakini Mulungwishi, Likasi na Lubumbashi zina kwaya nyingi na wanamuziki wengi, na mlango huu unafungwa pia kwa mikono yetu. Kwaya ikiweka albamu kwenye huduma moja tu kwa sababu wakala ameahidi pesa, mama mwenye Itel ya zamani, aliyechangia sare na nauli, hataisikia nyumbani kwake.

Viongozi wa kwaya, wekeni nyimbo kwenye huduma zinazolipa, ni haki yenu. Lakini wekeni pia YouTube, na mbakize MP3 ambayo mtu anaweza kuinunua kwa M-Pesa na kuipokea kwa WhatsApp au kwa fleshi baada ya ibada. Na kabla hamjatia sahihi kwa msambazaji yeyote, tafuteni kwenye mkataba kifungu kinachompa haki ya peke yake. Kikiwepo, mwombeni akiondoe au akiwekee mwisho wa muda. Akikataa, msitie sahihi.